Ombi la matengenezo makubwa ya kisima kwa RUWASA: tulivyoliandaa

Chombo chetu cha huduma ya maji kijijini kinaendesha kisima kirefu chenye pampu ya kuzamishwa, tangi la mnarani na vilula, yaani vituo vya kuchotea maji. Maji yalipopungua kwa kiasi ambacho mfuko wetu usingeweza kukimudu, tuliomba msaada RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na ombi likashughulikiwa bila kurudishwa kwa maswali. Barua yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja. Kazi ilikuwa kwenye vipimo vilivyoitangulia.

Kwanza tujue mipaka. RUWASA ilianza kazi Julai 2019 chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka huo, na maji ya vijijini yakatoka mikononi mwa halmashauri. Ndiyo inayosanifu na kujenga miradi, inasajili vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, yaani CBWSO, na kuvisaidia kitaalamu na kifedha kwenye matengenezo makubwa. Ya kila siku ni yetu: umeme, posho na mishahara, dawa ya maji, koki, mita, bomba lililopasuka njiani. Anayepeleka ombi la koki leo hana uzito kesho akipeleka ombi la pampu.

"Maji hayapandi" si maelezo ya tatizo. Meneja wa RUWASA wa wilaya hawezi kuagiza kitu kwa sentensi hiyo, kwa sababu sababu zinazowezekana ni nne au tano na kila moja ina gharama yake. Sisi tulizitenganisha hivi.

Tulipima maji pale pale kisimani. Funga valvu ya kwenda tangini, fungua tundu la kupimia, jaza pipa la lita 200 huku ukihesabu sekunde. Likijaa kwa sekunde 100, pampu inatoa lita 2 kwa sekunde, sawa na lita 7,200 kwa saa. Rudia mara tatu uchukue wastani. Hapa wengi hukosea: wanaacha tundu wazi kabisa, pampu inasukuma bila mzigo wa kupandisha tangini, namba inatoka nzuri kuliko hali halisi. Banabana valvu ya tundu mpaka geji ya presha isome sawasawa na inavyosoma maji yakienda tangini, ndipo uhesabu.

Kisha tulipima kina cha maji kwa kipima kina cha waya, mara mbili: alfajiri kabla ya kuwasha mashine, na tena baada ya pampu kufanya kazi saa kadhaa na maji kutulia pahali pamoja. Mwisho, tulipima ampia, yaani kiasi cha umeme unaopita, kwenye kila waya wa umeme pampu ikiwa inazunguka.

Namba hizo tatu zikikaa pamoja zinasema. Kisimani maji ni ya kawaida lakini tangi halijai: bomba la kupandishia linavuja njiani, acha pampu yako ilipo. Maji ni machache na kina kimeshuka sana kuliko siku ya majaribio ya kisima: tatizo ni kisima chenyewe, vichujio vimeziba au maji ya ardhini yamepungua, na pampu mpya kubwa itakiua kabisa. Maji ni machache, kina hakijabadilika: ama pampu imechakaa ndani, ama bomba linaloibeba kisimani limetoboka. Kutofautisha hayo mawili, zima mashine usikilize mdomoni mwa kisima. Ukisikia maji yakichuruzika kurudi chini, bomba limetoboka. Kwetu yalichuruzika. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki yalikuwa yameliwa na chumvi kwenye nyuzi za maungio, mahali ambapo ukuta wa bomba ni mwembamba kuliko popote. Kwa hiyo hatukuomba pampu peke yake. Tuliomba mabomba yote 15 ya mita 6 yabadilishwe kwa aina isiyoshika kutu, pamoja na vifaa vya kunyanyulia.

Kwenye barua tuliambatisha vipimo hivyo, na taarifa ya uchimbaji wa kisima: kina chote, kipenyo cha bomba la kisima, vichujio viko mita ngapi, na kiasi cha maji kilichopatikana kwenye majaribio. Bila karatasi hiyo hakuna fundi makini atakayechagua pampu. Ikiwa kijijini imepotea, ulizeni ofisi ya bodi ya maji ya bonde au aliyechimba. Tuliongeza nakala ya usajili wa chombo, kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde, taarifa ya benki na muhtasari wa kikao.

Sehemu ya mapato ndiyo inayoonyesha kama msaada utadumu. Sera ya Maji ya 2002 ilihesabu lita 25 kwa mtu kwa siku, kilula kimoja kwa watu 250, ndani ya mita 400. Kijiji cha watu 3,000 kinatoka na vilula 12 na mita za ujazo 75 kwa siku. Ndoo ya lita 20 ikiuzwa shilingi 50, uniti moja, yaani mita moja ya ujazo, ni ndoo 50, shilingi 2,500. Kwa karatasi unakusanya 187,500 kila siku. Usiandike namba hiyo! Masika watu hukinga mvua na kurudi kwenye visima vya asili, mauzo yanaporomoka, lakini mlinzi na fundi wanalipwa vilevile. Andikeni usomaji wa mita wa miezi 12 kama ulivyo, mwezi mbaya ukiwemo. Ofisi inajua masika ipo.

Weka pia upotevu wa maji: mita kuu ya tangi dhidi ya jumla ya mita za vilula. Pengo likiwa kubwa, funga vilula vyote usiku, soma mita kuu kwa saa nzima. Ikizunguka, yanavuja ardhini. Funga valvu za matawi moja moja mpaka isimame, na tawi la mwisho kufungwa ndilo lenye ugonjwa. Mita isipozunguka, tafuta kwenye daftari la makusanyo.

Mchango wetu tuliutaja waziwazi: nguvu kazi, usafiri wa vifaa, na akiba. Akiba hiyo huhesabiwa hivi: pampu na vifaa vyake vikigharimu, tuseme, shilingi milioni 12, na ukategemea vidumu miaka 8, weka 125,000 kila mwezi kwenye akaunti ya chombo. Akaunti ya serikali ya kijiji haifai, maana huko zitajenga darasa, jambo jema ambalo halitapandisha maji.

Baada ya mabomba kushuka kisimani, kabla ya kufungulia tangi, kisima hutiwa dawa, kwa sababu kila kilicholala kwenye nyasi kimeingia ndani. Kisima cha milimita 150 kina lita 18 hivi kwa kila mita ya maji. Mita 60 za maji ni lita 1,080. Kwa kipimo cha miligramu 50 za klorini kwa lita ni gramu 54, na kwa unga wenye nguvu ya asilimia 65 ni gramu 83. Koroga kwenye ndoo, mimina, acha usiku kucha, kisha pampu maji nje mpaka harufu iishe. Siku hiyo hiyo rudia vipimo vitatu na uviandike nyuma ya mlango wa nyumba ya mashine pamoja na tarehe. Sisi tunavirudia kila mwezi. Maji yakipungua asilimia 15 chini ya kiasi kilichoandikwa mlangoni, taarifa inakwenda kwa meneja wa wilaya wakati pampu bado inafanya kazi.