Gari linachemsha barabara kuu tu, mjini liko sawa: angalia mpira wa chini wa rejeta

Corolla ya zamani. Ndani ya Tabora mjini mshale wa joto unakaa katikati siku nzima. Ukishika lami ya Nzega kwa kilomita 90 kwa saa, unapanda. Ukipunguza mwendo, unashuka wenyewe.

Themostati (valvu inayofungulia maji ya injini yakipata moto) mpya haikusaidia, kuzibua rejeta hakukusaidia. Feni nzima. Gasketi ya hedi nzima pia: hakuna mapovu, oili haijawa kama maziwa.

Jibu lilionekana boneti ikiwa wazi, injini ikiwa ya moto, gia nyutro na breki ya mkono juu. Mtu mmoja alikanyaga mafuta hadi mizunguko 3,000 kwa dakika na kushikilia hapo. Mpira wa chini, unaotoka rejeta kwenda wota pampu, ukanywea bapa, maji yakakosa njia. Kwenye sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) ukarudi duara, ndiyo maana kila aliyeukagua aliuona mzima.

Upande huo pampu inavuta, haisukumi. Ndani ya mpira kuna springi ya waya ya kuuzuia usinywee. Hii ilikuwa imeliwa na kutu, kazi ya maji matupu ya kisima bila kulanti (dawa ya maji ya rejeta inayozuia kutu). Nunua mpira wenye springi yake. Ule laini wa kukatiwa kwa mita utanywea tena.

Kisha jaza nusu kulanti, nusu maji ya betri (yasiyo na asidi!), hita ikiwa kwenye moto, mfuniko wa rejeta wazi tangu injini ikiwa baridi mpaka mapovu yaishe.

Mpira ukinywea injini ikishapoa, hiyo kesi nyingine: valvu ya mfuniko imeganda.