Kuhesabu Maandamano kwa Magazeti

Atakaye kulinganisha maandamano ya nchi mbili au tatu hana daftari moja la kuliendea. Polisi wa kila nchi huweka kumbukumbu kwa utaratibu wao, nyingi hazifunguliwi kwa mtafiti, na waandamanaji wenyewe kwa kawaida hawaachi maandishi zaidi ya mabango. Gazeti, kwa upande wake, hutoka kila siku, hutaja tarehe na mahali, na nakala zake huhifadhiwa. Ndiyo maana wataalamu wa sayansi ya jamii wamelitegemea kwa miongo mingi, akiwamo Charles Tilly katika kazi zake juu ya Ufaransa na Uingereza. Nami niliyeko Unguja nalitegemea vilevile, ila kwa sharti moja: gazeti lihojiwe kama shahidi kabla halijahesabiwa chochote, liulizwe lilikuwa wapi, nani analigharimia na siku ile liliruhusiwa kusema nini.

Utafiti unaotajwa sana katika uwanja huu ni ule wa Hanspeter Kriesi na wenzake, waliochunguza maandamano ya mwaka 1975 hadi 1989 katika Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Uholanzi na Uswisi. Walichagua gazeti moja kwa kila nchi, na katika hilo walisoma toleo la Jumatatu tu, kwa kuwa huko maandamano mengi hufanyika Jumamosi na Jumapili. Kwa Ulaya uamuzi huo ulikuwa wa busara na uliokoa kazi kubwa. Kuuleta Zanzibar kama ulivyo ni jambo jingine, kwani hapa mkusanyiko wenye uzito aghalabu hufuata sala ya Ijumaa, na toleo la kutafutwa lingekuwa la Jumamosi. Migomo ya kazini, kama ule mkubwa wa 1948 ulioanzia bandarini, isingeonekana vizuri kwa utaratibu wowote kati ya hiyo miwili.

Tuchukue Januari 2001, ambayo hakuna mtu mzima wa Pemba anayehitaji kusimuliwa. Wafuasi wa chama cha upinzani cha CUF waliandamana Jumamosi ya tarehe 27 kudai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe, mjini Unguja na vilevile Chake Chake, Wete na Micheweni. Siku moja kabla, polisi walikuwa wamekwisha kufyatua risasi msikitini Mwembetanga. Sasa mtafiti amekaa na jedwali lake: je, hilo ni tukio moja au manne? Chama ni kimoja, dai ni moja na siku ni moja, lakini barabara ni mbalimbali, vikosi vya polisi ni mbalimbali na waliokufa walifia mahali tofauti. Akiandika mstari mmoja kwa Zanzibar nzima, kisha akaandika mstari kwa kila kaunti katika maandamano ya Kenya ya Juni 2024 dhidi ya Muswada wa Fedha, atatoa chati inayoonyesha tofauti ya nchi ilhali ni tofauti ya mkono wake mwenyewe. Mimi huupa kila mji mstari wake, na mistari yote ya madai yale yale huifunga kwa namba moja ya kampeni, ili atakayetaka kuijumlisha aijumlishe kwa hiari yake.

Hesabu ya watu ni taabu zaidi. Hata vifo, ambavyo mtu angedhani havina ubishi, vina takwimu mbili: Human Rights Watch ilitaja waliouawa wasiopungua 35, na tume ya serikali chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ikataja 31. Ikiwa maiti zinahesabiwa tofauti, nini kisemwe juu ya gazeti lililoandika tu kwamba "umati mkubwa" ulijitokeza? Mimi huacha maneno hayo kama yalivyo katika safu yake na sibuni namba.

Baadhi ya kanzidata, yaani hifadhi za takwimu, za Afrika, kwa mfano SCAD ya migogoro ya kijamii inayoanzia 1990, zimejengwa juu ya taarifa za mashirika ya habari ya Associated Press na Agence France-Presse. Ofisi zao za kanda hii ziko Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Micheweni ni mbali kwa kila maana. Maandamano yenye damu huvuka masafa hayo. Wanakijiji waliokaa barabarani asubuhi moja kudai maji hawavuki. Wala si tatizo letu peke yetu. John McCarthy na wenzake walilinganisha vibali vya polisi wa Washington vya 1982 na 1991 na habari za magazeti na televisheni, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya maandamano haikuripotiwa kabisa, na kwamba ukubwa wa umati ndio ulioamua zaidi yapi yaripotiwe. Ikiwa katika mji mkuu wa Marekani mambo ni hayo, Wete isishangaze.

Lakini hofu yangu kubwa ni ule ukimya unaofanana na amani. Miaka ya 1950 Zanzibar ilikuwa na magazeti ya Al-Falaq, Mwongozi na Afrika Kwetu, kila moja likiona ya upande wake na kuyakuza, na ukiyasoma pamoja unapata picha. Mwaka 1954 wakuu wa Al-Falaq walishitakiwa kwa uchochezi. Baada ya Mapinduzi sauti hizo zilinyamaza. Dira, lililoanza 2002 na ambalo wengi hulitaja kuwa gazeti binafsi la kwanza tangu 1964, lilifungiwa Novemba 2003. Anayechora chati ya miaka hiyo kwa magazeti ya visiwani atapata mstari uliolala, na atashawishika kuandika kwamba Wazanzibari walitulia.

Kwa hiyo jedwali langu lina safu ambayo sijaiona katika mengi niliyoyapitia: kwa kila mwezi naandika ni magazeti gani yaliyokuwa yakitoka, yapi ya serikali, yapi yamefungiwa, na kama habari imeandikwa kisiwani au Bara. Mwezi usio na gazeti huru hauandikiwi sifuri, bali huachwa wazi.