Nilivyowafundisha wasaidizi wa fiziotherapia tiba ya umeme hapa Mwanza

Nilipokabidhiwa wasaidizi sita katika idara ya fiziotherapia ya hospitali moja ya hapa Mwanza, ili niwafundishe kutumia mashine za umeme, nilianza kama nilivyofundishwa mimi, yaani ubaoni. Niliwachorea mishipa ya fahamu, nikawaeleza nadharia ya lango la maumivu iliyotolewa na Melzack na Wall mwaka 1965, kwamba hisia za mguso huweza kuyazuia maumivu yasipite kwenye uti wa mgongo kwenda ubongoni, kisha nikawakaririsha namba: mapigo 80 hadi 120 kwa sekunde kwa mashine ya TENS, ile inayopitisha umeme mdogo kwenye ngozi kwa pedi ili kutuliza maumivu, na 35 hadi 50 kwa sekunde pale tunapotaka kuukaza msuli uliodhoofika. Walizishika barabara, na mtihani wa wiki ya pili walifaulu wote.

Wiki iliyofuata alikuja mama mmoja mchuuzi wa samaki wa Mwaloni, Kirumba, mwenye kisukari cha miaka mingi, akilalamikia maumivu ya mguu. Msaidizi alimbandika pedi za mpira kwenye muundi, akawasha mashine na kumwuliza, “Mama, unasikia?” Mama akajibu, “Bado mwanangu, ongeza tu.” Akaongeza, akauliza tena, akaongeza tena. Tulipobandua pedi tulikuta doa jekundu kwenye ukingo mmoja, na kesho yake palikuwa na lengelenge. Kidonda kilipona, lakini sikuthubutu kumlaumu kijana. Namba alizotumia zilikuwa sahihi kabisa. Nisichomfundisha ni kwamba mguu wenye ganzi hauwezi kumwambia mtu lini atosheke, na kwamba jeli ikikauka pedi ikainuka upande mmoja, umeme wote hupita kwenye sehemu ndogo iliyobaki imegusa ngozi.

Niliuacha ubao. Jumatatu iliyofuata kila mmoja alijibandika pedi mkononi mwake mwenyewe, kwanza ikiwa na jeli ya kutosha, kisha nikawaambia wazime, wainue nusu ya pedi na wapandishe nguvu taratibu kutoka sifuri. Mara ya kwanza walisema wanasikia kama siafu wanatembea. Mara ya pili, kwa nguvu ndogo zaidi, walikunja nyuso na kusema ni sindano. Tangu siku hiyo sikulazimika kumkumbusha mtu kuosha ngozi ya mgonjwa wala kukagua jeli. Kupima hisia nako kukawa sharti: mgonjwa hufumba macho, akaguswa kwa ncha kali na ncha butu, na asipoweza kuzitofautisha mashine haiwashwi mahali hapo.

Somo lililochukua muda mrefu kuliko yote ni la kutafuta mahali msuli unapoitikia, kwa sababu hilo halisomeki kitabuni. Msaidizi mmoja alikunja suruali, tukaweka pedi moja juu ya paja kwa nje na nyingine kwa ndani, juu kidogo ya goti. Tulipandisha umeme, akasikia kuwashwa tu. Tukazima, tukaisogeza ile ya chini kwa upana wa vidole viwili, na kwa nguvu ileile nyama ya paja ikajikusanya na kulivuta goti, hata mwenyewe akashtuka. Niliwataka waache sekunde 10 za kukaza na 50 za kupumzika. Walioona mapumziko hayo ni kupoteza muda niliwaruhusu wayapunguze hadi 10, kwenye mapaja yao wenyewe, na baada ya dakika chache waliona msuli ukichoka na mkazo ukififia.

Katika maongezi niliwasimulia kwamba Warumi wa kale waliwatibu wagonjwa wa kichwa kwa samaki mwenye shoti. Kijana wa Ukerewe akauliza kama domodomo, samaki wetu wa ziwani, naye angefaa. Nilimjibu kwamba domodomo ana umeme kweli, ila ni hafifu mno, wa kumsaidia kutambua njia na chakula gizani, mkono wa mvuvi hausikii chochote.

Makatazo, yaani pale mashine isipotakiwa kutumika, niliyafundisha pamoja na sababu zake: mwenye betri ya moyo, tumbo la mjamzito, mbele ya shingo, mguu wenye damu iliyoganda. Kwa mashine zetu za zamani niliongeza sharti langu mwenyewe kwamba umeme ukikatika, kitufe cha nguvu kirudishwe sifuri mara moja, kwa kuwa ukirudi ghafla mgonjwa ndiye anayeupokea.

Mwezi wa tatu nilimwandikia dereva wa bodaboda wa Igoma, ambaye unyayo wake ulikuwa unaning’inia baada ya kuvunjika chini ya goti, achochewe msuli wa mbele ya muundi. Msaidizi yuleyule wa lile lengelenge alinifuata ofisini. “Mwalimu, samahani, hisia juu ya unyayo hazipo, na msuli hauitiki hata nikihamisha pedi. Sijaongeza nguvu. Nadhani mshipa wa fahamu wenyewe umekatika mawasiliano.” Nilikwenda kupima, nikakuta ni kweli. Msuli uliopoteza mshipa wake hauitiki kwa mapigo mafupi ya mikrosekunde, yaani sehemu za milioni za sekunde. Hutaka mapigo marefu, ambayo mashine yetu haitoi. Nilifuta maelekezo yangu, tukamtengenezea gango la kushikilia unyayo, na msaidizi akamfundisha mazoezi ya kukinyoosha kifundo cha mguu ili kisikakamae wakati akisubiri kuonwa na daktari wa mifupa.