Nilishika mbili, na hakuna iliyoniponyoka

"Mshika mbili moja humponyoka." Mwezi ule niliambiwa methali hii na watu wasiopungua sita, kila mmoja akidhani yeye ndiye wa kwanza kuniambia. Ami yangu wa Lamu aliisema kwa simu. Jirani yangu hapa Malindi aliisema huku akichambua mchicha. Hata karani wa chuo aliisema, nami fomu nimeshaijaza. Yote hayo kwa sababu nilitaka kusomea huduma ya dharura, ile ya kwenye ambulensi, na wakati huo huo nisome falsafa.

Dharura waliielewa, ingawa jirani alisema kubeba machela si kazi ya msichana. Falsafa ndiyo iliyowakera. Ami alihofia dini yangu. "Mwanangu, hayo ni mambo ya watu wasiokuwa na kazi, na wengine imani iliwatoka huko huko."

Aliyenipa nguvu ni ustadhi wangu wa zamani wa Langoni, mtaa wa Lamu. Alinikumbusha Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 akafa Hamadan mwaka 1037. Tabibu na mwanafalsafa walikuwa mtu mmoja: kitabu chake cha tiba kilisomeshwa Ulaya kwa karne kadhaa, na mantiki, ilmu ya kupima hoja, aliiandika pia. Nikampigia ami nikamuuliza, hiyo ilmu ya mantiki iliyosomwa na masheikh wetu tangu zamani ilitoka wapi kama si huko kwenye falsafa? Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nimekula nini. Nikajua nimeruhusiwa.

Ada ya dharura hapa Malindi ilikuwa elfu themanini na kitu, na sare na viatu juu yake. Falsafa niliichukua kwa intaneti katika chuo kimoja cha jamii cha Marekani. Vyuo hivi vya kwao ni vya umma, masomo ni ya miaka miwili, na ada ni nafuu kuliko ya vyuo vikuu. Kimojawapo, si changu, ni cha Joliet katika jimbo la Illinois, kilichoanza 1901. Mtu anaweza kujifunza kuchomelea vyuma asubuhi na kumsoma Plato jioni katika chuo hicho hicho, na hakuna anayeshangaa. Darasani kwetu wenzangu wawili walikuwa wanafunzi wa ambulensi kama mimi, nao falsafa ilihesabiwa katika masomo ya jumla wanayotakiwa kuyapata kabla ya kuhitimu. Basi wale wanaosema mambo haya mawili hayakai pamoja hawajatazama mbali. Ila mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji: somo moja tu lilinitoka laki na ushei, fungu langu la mashua ya marehemu baba. Sijutii hata shilingi.

Darasa lao lilikuwa saa kumi na mbili jioni, Jumanne na Alhamisi. Kwetu ni saa nane usiku. Mwanzo niliteseka, lakini Ramadhani ya 2025 iliangukia Machi na mtaa mzima ukawa macho pamoja nami. Naingia darasani, nikitoka nakula daku. Hakuna aliyeniambia kuwa Wamarekani husogeza saa zao mbele mwezi huo, na mwaka ule ilikuwa tarehe 9, basi darasa likawa kwetu saa saba. Usiku wa darasa lililofuata niliingia saa nane kamili, vitabu mkononi, nikamkuta mwalimu zimembakia dakika kumi na tano aage. Jaribio lilifanywa mwanzoni na alama zake zikanipita. Ukisoma na chuo cha kule, andika ukutani kwa kalamu nene: Machi saa zinakwenda mbele, Novemba zinarudi.

Lakini somo kubwa nililipata mapema zaidi, mwezi wa Februari, kwenye mtihani wa majaribio wa dharura.

Ulifanyika uwanjani nyuma ya darasa, jua la saa sita. Mwenzangu mmoja, aliyeigiza mgonjwa, ameketi chini ameegemea mkorosho, shati limelowa jasho, macho yanazunguka, akiulizwa jina anatukana. Ubavuni pake iko chupa ya plastiki yenye mabaki ya mnazi, harufu yake niliipata tangu hatua tano. Mkufunzi amesimama pembeni na karatasi yake. Alikuwa na kanuni moja: kipimo usichokiomba, hupewi.

Nikavaa glavu, nikatazama usalama wa mahali, nikashika mshipa wa mkono, nikahesabu pumzi. Mpaka hapo sikukosea. Kisha ile harufu ikanijaa puani, na akili yangu ikaishia hapo. Nikamlaza ubavu asije akapaliwa na matapishi, nikamgeukia mkufunzi, nikasema kama mtu mwenye uhakika: "Amelewa. Tutamwangalia mpaka pombe imtoke."

"Sawa," akasema. Akatazama saa.

Nikasimama. Akatazama saa tena. Zikapita dakika saba hivi, mgonjwa amenyamaza, nami nadhani amelala. Mkufunzi akakunja karatasi yake. "Mgonjwa wako amefariki. Fungua mfuko wa shati lake."

Mfukoni mlikuwa na kijitabu cha kliniki ya kisukari kimekunjwa mara mbili. Kwenye karatasi ya mkufunzi sukari yake ilikuwa 1.6, yaani imeshuka mno. Kipima sukari kilikuwa ndani ya mkoba wangu mwenyewe, juu kabisa, na sikukigusa. Nikauliza, na chupa je? "Ya mtu aliyeketi hapa kabla yake."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Usiku ule niliona haya kama niliyeua mtu kweli.

Wiki moja baadaye, saa nane usiku, mwalimu wa falsafa aliandika mistari mitatu. Mvua ikinyesha, ardhi hulowa. Ardhi imelowa. Basi mvua imenyesha. Akauliza kosa liko wapi. Akasema mfano huo ni wa zamani sana, Aristotle mwenyewe, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliutumia. Nikajiziba mdomo nisiwaamshe waliolala, nikaandika daftarini: Mlevi huyumba. Huyu anayumba. Basi huyu ni mlevi.

Ndilo kosa langu, neno kwa neno! Ardhi huweza kulowa kwa bomba lililopasuka. Na mtu huyumba kwa sukari iliyoshuka, kwa kichwa kilichogongwa, kwa kiharusi, kwa kifafa kilichomwachia punde tu, kwa malaria iliyopanda kichwani. Mkufunzi alikuwa ameniambia nimekosea. Falsafa ilinionyesha ni hatua gani hasa niliyoiruka, na hatua hiyo sasa naiona hata nikiwa nimechoka.

Tangu usiku ule kila ukurasa wa daftari langu la kazi naupiga mstari katikati, kutoka juu hadi chini. Kushoto naandika nilichokiona, nilichokipima, nilichoambiwa na nani. Kulia naandika ninachodhani. Hakuna kinachovuka mstari bila kipimo. "Amelewa" ni neno la kulia. "Ananuka mnazi" ni la kushoto, na hata hilo nauliza: ananuka yeye, au kinanuka kitu kilicho karibu naye? Wenzangu walianza kuniiga, na mkufunzi hakuwakataza.

Jambo jingine nililolivumbua mwenyewe ni la kukandamiza kifua. Kwa mtu mzima inatakiwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita tano hadi sita, na baada ya kila mara 30 unampa pumzi mbili. Mikono yangu ilikuwa ikianza vizuri halafu inakimbia kwa hofu. Ndugu yangu hupiga matari kwenye maulidi. Nikamwita, nikamwambia apige pigo lile la katikati, watu wanapokuwa wamechangamka lakini bado hawajasimama. Nikamhesabia kwa saa ya simu: mapigo 27 kwa sekunde 15. Ukizidisha ni 108 kwa dakika. Nikalirekodi, nikalala nalo masikioni wiki nzima, na kwenye mtihani wa mwisho mikono yangu haikukimbia tena. Anayetoka pwani na kulelewa na matari asihangaike kutafuta pigo la kigeni. Ila jipime kwanza kwa saa, maana mapigo mengine ya matari ni ya kasi mno.

Na yule jirani wa machela nilimjibu kwa habari za Pittsburgh. Mwaka 1967 vijana weusi wa mtaa wa Hill, watu waliokuwa wakihesabiwa kuwa hawaajiriki, walianza kufundishwa huduma hii chini ya daktari Peter Safar, wakawa miongoni mwa maparamediki, yaani wahudumu wa ambulensi waliosomea tiba ya dharura, wa kwanza Marekani. Wao nao waliambiwa hawafai.

Nilipasi yote mawili. Ilipofika Juni, nikitoka sokoni asubuhi, nikakuta watu wamemzunguka mzee mmoja penye stendi ya bodaboda. Ameketi kwenye kifuniko cha mtaro, kofia imeanguka, kanzu imeloa mgongoni. Kijana mmoja akasema, "Mnazi umemzidi." Wengine wakacheka.

"Shikamoo, babu." Akajibu maneno yasiyoeleweka. Nikachuchumaa. Mkono baridi, jasho jembamba, vidole vinatetemeka. Nikamnusa makusudi: iliki na jasho, basi. Nikatoa kipima sukari changu, nikamchoma kidole. Ilikuwa 2.3.

Nikampa kwanza funda la maji, nikaona anameza vizuri bila kupaliwa. Mama muuza chai akakoroga vijiko vinne vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, nami nikamshikia kikombe mpaka akamaliza. Kijana wa bodaboda nikampa saa yangu ahesabu dakika kumi na tano, na hakucheka tena. Nilipopima mara ya pili ilikuwa 4.8. Mzee akainua uso, akauliza kofia yake iko wapi, kisha akaeleza kwamba dawa ameinywa alfajiri na chakula bado. Akapewa mahamri mawili, akala yote.

Tukapanda tuktuk mpaka hospitali. Muuguzi wa mapokezi akaniuliza ana nini, nikampa ukurasa. Kushoto: jasho, baridi, kutetemeka, maneno hayaeleweki, hanuki pombe, 2.3 saa mbili na dakika kumi, sukari vijiko vinne kwa mdomo, 4.8 baada ya dakika kumi na tano, yeye mwenyewe asema dawa bila chakula. Kulia: nadhani sukari ilishuka.

Akausoma mara mbili, akauchana taratibu kutoka kwenye daftari, akaubana kwenye faili la mzee, na kalamu yake ilipogoma akaniomba yangu.