Septemba kwenye ufukwe wa Point No Point

Jambo la kwanza ambalo mtoto wa pwani yetu hulazimika kulisahau anapoanza kuvua samoni aina ya koho katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, ni ile imani kwamba samaki wa maana hukaa mbali. Nimekulia Tanga katika nyumba ya mvuvi, na kwetu ufukweni palikuwa pa watoto, waokota chaza na watu wa kutanda uduvi. Aliyetaka nguru au jodari alipandisha tanga akavuka mwamba. Kwa hiyo nilipohamia karibu na Seattle, misimu miwili ya mwanzo niliipoteza nikitafuta mtu wa kunipakia katika mashua yake, huku koho wakipita mita ishirini tu kutoka mahali nilipoegesha gari.

Ufukwe niupendao unaitwa Point No Point, nao uko kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya rasi ya Kitsap. Mimi huvuka kwa kivuko cha alfajiri kutoka Edmonds hadi Kingston, kisha huendesha gari mpaka kwenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1879, ambao kwa kimo ni mfupi kuliko minazi mingi niliyoipanda utotoni. Uzuri wa mahali hapa umo chini ya maji. Sakafu ya bahari hushuka ghafla hatua chache kutoka kwenye kokoto, na mkondo unaoingia kutoka bahari kuu kupitia mlango-bahari wa Juan de Fuca hulazimika kuizunguka ncha hiyo, ukiacha upande wa pili maji yanayozunguka polepole ambamo samaki wadogo hujificha. Koho anayerudi kwenye mto wake hufuata ukingo huo akila, na ndiyo maana humkuta mtu aliyesimama maji yakiwa magotini.

Maisha yake ni mafupi. Yai hutagwa katika changarawe ya kijito wakati wa vuli, kitoto huishi kwenye maji baridi kwa zaidi ya mwaka mmoja, kisha hushuka baharini, hukaa huko karibu mwaka mmoja na nusu, hurudi akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, hutaga na kufa. Katika kiangazi chake cha mwisho hula kwa pupa na kunenepa upesi sana, hivi kwamba koho wa Septemba ni samaki tofauti kabisa na yule wa Julai. Wengi ninaowaona wana uzito wa kilo tatu hadi tano, weupe wa fedha ubavuni na mgongo wa samawati iliyokolea.

Nilidhani nayajua maji kujaa na kupwa. Tanga maji hujaa mara mbili kwa siku na mijao hiyo miwili hukaribiana, kwa hiyo mtu akiujua mwezi amejua karibu kila kitu. Hapa mijao miwili ya siku moja hailingani hata kidogo: mmoja unaweza kuwa mkubwa na wa pili mdogo, na kupwa moja ikaanika mchanga mpana ilhali ya pili haionekani. Bamvua na maji mafu vipo kama kwetu, lakini havitoshi kukuongoza. Lazima uisome jedwali ya siku yenyewe. Nimejifunza kutafuta asubuhi ambazo maji yanabadilika kati ya mapambazuko na saa mbili, kwa sababu koho hupanda juu karibu na uso wa maji kunapokuwa na mwanga hafifu, na huuma zaidi mkondo unapoanza au unapokaribia kusimama. Jua likishapanda, wenye mashua humfuata chini, na sisi wa ufukweni hunywa kahawa.

Vifaa ni vichache: ufito wa futi tisa, kigurudumu cha kukunjia mshipi, na chambo bandia cha chuma. Wengi wetu hutumia Buzz Bomb, kipande cha chuma chenye umbo la almasi, chenye tundu katikati ambamo mshipi hupita, na chini yake kipira kidogo na ndoana. Kinapozama hujizungusha na kutikisika kama samaki aliyejeruhiwa. Unakirusha, unakiacha kizame kidogo, unainua ufito kwa nguvu, kisha unakiacha kizame tena huku ukikunja mshipi uliolegea. Koho huuma kinapozama, si kinapovutwa. Asiyelijua hilo husubiri mvuto mkubwa ambao hauji, na hajui kwamba samaki ameshauma na kutema. Akinasa, mara nyingi hukukimbilia badala ya kukukimbia, mshipi unalegea, nawe unadhani umempoteza. Kunja upesi kama mwendawazimu, wala usirudi nyuma, maana kokoto zilizolowa huteleza.

Kosa la wageni, nami nililifanya, ni kuingia majini hadi kifuani na kurusha mbali iwezekanavyo. Unakuwa umesimama mahali samaki alipotaka kupita, na chambo chako kimeangukia nyuma yake. Halafu maji yenyewe yana nyuzi joto 10 hadi 13, na mtu wa bahari ya Hindi hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Aliyenirekebisha ni mzee mmoja Mfilipino ambaye husimama daima upande wa kushoto wa mnara. Siku nilipomvuta koho wangu wa kwanza hadi kwenye kokoto kavu, nikiwa nimeshaanza kutabasamu, alikuja akaniambia taratibu, "Mwanangu, mtazame mgongo kwanza kabla ya kumtoa majini." Nikatazama. Karibu na mkia palikuwa na lile pezi dogo la nyama lisilo na miiba, ambalo wanaozalishwa katika vituo vya serikali na vya makabila ya wenyeji hukatwa wakiwa wadogo ili watambulike. Samaki wangu alikuwa nalo. Alikuwa wa asili, na katika misimu yote niliyovua eneo hili sheria imekuwa kumrudisha. Nilimrudisha, lakini nilikuwa nimeshamburuta juu ya mawe na magamba yake yalikuwa yamenata viganjani mwangu. Tangu siku hiyo humwacha samaki kwenye maji ya kina cha shubiri, nikalitafuta pezi, nikaitoa ndoana kwa koleo bila kumshika. Ndoana zenyewe kisheria hazina ule ulimi mdogo unaozuia kuchomoka, kwa hiyo kazi hiyo huchukua sekunde mbili.

Kumtambua koho miongoni mwa ndugu zake nako kunahitaji jicho. Ufizi wake ni mweupe panapoota meno, ilhali wa samoni mkubwa aina ya chinook ni mweusi wote. Madoa ya mkia wa koho yako nusu ya juu tu, na ya chinook yako juu na chini. Katika miaka ya witiri, kama 2023 na 2025, huja pia samoni wa waridi kwa makundi makubwa, wenye madoa makubwa ya umbo la yai mkiani na magamba madogo mno. Anayechanganya hawa hulipa faini, na hastahili kuonewa huruma, kwa sababu michoro imebandikwa pale pale kwenye ubao wa maegesho.

Ufukweni pia husikia manung'uniko kuhusu nyavu za makabila ya wenyeji kwenye midomo ya mito. Mimi sijiungi nayo. Ni hapa hapa Point No Point ambapo mwaka 1855 watu wa S'Klallam, Skokomish na Chimakum walitia saini mkataba wa kuiachia Marekani ardhi yao, wakibakiza haki ya kuvua mahali walipozoea. Haki hiyo ilipuuzwa kwa zaidi ya karne moja, watu wakikamatwa na nyavu zao kutwaliwa, mpaka jaji George Boldt alipoamua mwaka 1974 kwamba makabila yenye mikataba yanastahili hadi nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa, na Mahakama ya Juu ya nchi ikaukubali uamuzi huo mwaka 1979. Mgeni kama mimi, aliyekata leseni kwa dakika tano kwenye simu, hana la kuwaambia.

Mashua nilikuja kuipata hatimaye. Rafiki yangu Mkenya alinunua ya alumini isiyofika mita tano, nasi huenda nayo kukokota mishipi kwenye michirizi ya povu na mwani mahali mikondo miwili inapokutana, tukiwafuata ndege wanaopiga mbizi. Huko chambo hushushwa kwa waya wenye tufe zito la madini ya risasi. Mbele hutangulia bapa la plastiki linalozunguka na kumetameta, nyuma yake hufuata ngisi wa plastiki wa kijani. Koho hupenda mwendo wa kasi kuliko chinook, na tukizubaa tukaenda polepole hatupati kitu. Samaki wa asili haruhusiwi hata kupandishwa chomboni. Hufunguliwa ubavuni mwa mashua. Tunapata samaki wengi kuliko ufukweni, sikatai. Lakini asubuhi moja ukungu ulitufunika tukiwa tumeshavuka ukingo wa njia ya meli bila kujua, na tukasikia honi ya meli ya makontena ambayo hatukuiona mpaka wimbi lake lilipotuinua. Tangu hapo, kukiwa na ukungu, yeye hubaki kwake na mimi hurudi kwenye kokoto zangu.

Kuna jambo linalonisumbua kila niendeshapo gari kwenda kivukoni. Kwa miaka mingi koho walikuwa wakifa katika vijito vya mjini mara baada ya mvua, kabla hawajataga, na hakuna aliyejua sababu. Mwishoni mwa mwaka 2020 watafiti wa Washington wakaeleza kwamba dawa inayowekwa kwenye matairi ili mpira usipasuke hugeuka sumu ikikutana na ozoni, gesi iliyomo hewani, na mvua huikokota kutoka barabarani hadi majini. Samoni aina ya chum hustahimili maji hayo hayo. Koho hufa ndani ya saa chache.

Mwaka jana, katikati ya Septemba, nilipata wawili wasio na pezi, ambao ndio kiwango cha siku. Niliwaandika kwenye kadi ya kuorodhesha samaki waliovuliwa palepale kwa kalamu iliyolowa, nikakata matamvua ili damu itoke, nikawaweka kwenye barafu, kwa sababu nyama ya koho hulegea upesi usipofanya hivyo. Jioni nilimchoma mmoja wa kupaka kwa tui zito na ndimu, nikimtoa motoni mapema, maana hana mafuta mengi kama chinook na hukauka. Mama alipoiona sahani kwenye simu alishangaa nyama yenye rangi ya papai, akaniuliza kama nimemvua kilindini na nani alikuwa nahodha. Nikamwambia, "Hapana, mama, maji yalinifika magotini." Akacheka, hakuniamini, akaniambia simu yangu ikishachajiwa nimpigie baba nimweleze mwenyewe.