Wavu wa makila

Goli la upande wa ziwani halikuwa na wavu wa mpira. Mvuvi mmoja alitoa makila yake, nyavu za kuvulia, yaliyochakaa, tukayafunga kwenye miti kwa kamba.

Ilikuwa Agosti 2003, mechi ya Igombe na Kayenze, vijiji vya ziwani huko Mwanza, zawadi mbuzi. Refa aliyeahidiwa kutoka mjini hakutokea, wazee wakanikabidhi filimbi kwa kuwa nilishapitia mafunzo mafupi ya uamuzi. Mimi ni mtoto wa Igombe, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa namba tisa. Sikukataa. Nilijua sina nia ya kupendelea, nikadhani hiyo inatosha.

Zikiwa zimebaki dakika chache, bila kwa bila, mdogo wangu alipokea krosi akaachia shuti. Nilikuwa hatua kama kumi. Mpira ulipita ndani ya mlingoti, ukatoboa makila, ukaenda kusimama kwenye matete. Niliuona. Wageni wakanizunguka: "Umepita nje! Refa ni kaka yake!" Ngumi sikuziogopa. Niliogopa neno "kaka". Nikaonyesha goli-kiki. Tukaenda kwenye penalti, tukafungwa, mbuzi akapakiwa kwenye mtumbwi wao.

Watu walipotawanyika nilirudi golini. Kwenye pembe, mafundo mawili yalikuwa yamekatika. Wavu wote ulikuwa na rangi ya tope na harufu ya sangara, lakini ncha za nyuzi pale palipokatika zilikuwa nyeupe.

Jumatatu nilimsimulia mzee niliyekuwa nauza kwenye duka lake la vipuri mjini Mwanza, Mhindi aliyependa kriketi tangu utotoni. Alifunga daftari la madeni, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kwamba kwenye kriketi jambo hili liligombaniwa miaka mingi, maana kila timu iliyosafiri ilirudi ikilalamikia waamuzi wa wenyeji. Mwaka 1986 Imran Khan, nahodha wa Pakistan, alitaka waamuzi kutoka India wasimamie mechi yao na West Indies pale Lahore, ili mgeni asiwe na la kusema. Mwaka 1994 ikawa sheria kwamba katika mechi za siku tano mwamuzi mmoja uwanjani atoke nchi isiyocheza. "Na mwaka jana tu," akasema, "wakaamua wote wawili."

Nilikuwa nikidhani sheria ya namna hiyo imewekwa kumlinda mgeni. Siku ile nilielewa kuwa inamlinda na mwenyeji, na mwamuzi mwenyewe pia. Corona ilipofunga mipaka mwaka 2020, waamuzi wa nyumbani waliruhusiwa tena, na timu zikaongezewa nafasi ya kuomba uamuzi uangaliwe upya kwenye video. Wapo waliosema basi, kamera zimemaliza tatizo. Mimi sikubali. Kamera ingeonyesha goli la mdogo wangu, sawa, lakini dakika themanini na kitu kabla ya hapo nilikuwa nikipuliza kila filimbi huku nafikiria watu wa Kayenze watasema nini. Mtu asiwekwe mahali hapo kama yupo mwingine wa kuitwa.

Usiku wa siku ile ya mechi tulikula ugali na sato nyumbani kwa mama. Nikamwambia mdogo wangu, "Lile lilikuwa goli."

Akamega tonge. "Najua, kaka. Nilikuangalia usoni."