Dallaire angefanya nini zaidi?

Jana usiku mimi na mjomba tuliangalia muvi ya Shake Hands with the Devil pale kwake Ngamiani, ya kitambo kidogo, 2007, Roy Dupuis ndo kacheza kama Jenerali Roméo Dallaire, yule Mkanada aliyekuwa kamanda wa walinda amani wa UN kule Rwanda mwaka 94, wakati wa mauaji ya kimbari, na mpaka saa hizi naandika roho bado inaniuma.

Na kwetu Watanzania hii habari si ya mbali jamani. Mkataba wa amani wa Rwanda ulisainiwa Arusha Agosti 1993, na Rais wao Habyarimana ndege yake ilitunguliwa Aprili 6 akitokea mkutanoni Dar. Mjomba enzi hizo alikuwa utingo, lori lao lilipeleka chakula cha wakimbizi Ngara. Nikamuuliza, "Mjomba, kwani Benaco, ile kambi ya wakimbizi, ulifika?" Akapunguza sauti ya tivii. "Nilifika mjomba. Maturubai ya bluu kilima kizima, unatafuta mwisho huuoni, na watoto wamekaa tu, hawachezi." Watu kama 250,000 walivuka mpaka pale Rusumo kuja kwetu kwa siku moja hivi.

Sasa wapo wanaosema jenerali alikuwa na jeshi, mbona hakupiga? Hapo ndo nakataa kabisa. Januari 11, kabla mauaji hayajaanza, alituma ujumbe makao makuu ya UN New York kwamba kuna silaha zimefichwa Kigali na anataka akazikamate, wakamkatalia. Aprili 7 wanajeshi 10 wa Ubelgiji wakauawa, Ubelgiji ikaondoa watu wake, halafu Aprili 21, watu wanachinjwa mchana kweupe, Baraza la Usalama likaamua kikosi cha kama watu 2,500 kipunguzwe kibaki 270. Yaani badala ya kuongeza wanapunguza! Utapigana na nini hapo, risasi hazitoshi, chakula hakitoshi, na amri inakwambia usifyatue mpaka ushambuliwe wewe?

Kuna kitu Dallaire mwenyewe alishakieleza, kwamba siku anaenda kukutana na viongozi wa Interahamwe, wale wanamgambo waliokuwa wanaua watu, alitoa risasi kwenye bastola yake kwanza, aliogopa atawapiga pale pale. Na ilibidi awape mkono, maana bila kuongea nao huwezi kupitisha watu kwenye vizuizi vyao. Mimi naona huo ni ujasiri mkubwa kuliko kufyatua.

Ila wanaostahili muvi yao kabisa ni Waghana. Brigedia Henry Anyidoho, naibu wa Dallaire, alikataa kuondoka na vijana wake, ndo waliobaki wengi kwenye kile kikosi, kilichobaki na watu kama 450 ingawa Baraza lilisema 270, wakasimama na maelfu waliojificha uwanja wa michezo wa Amahoro, Kigali. Na Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, hana hata silaha, alikuwa anapitisha watu vizuizini wachache wachache kwenye gari, akaokoa mamia, mpaka kombora likamuua Mei 31. Hawa ni Waafrika wenzetu, na shuleni sisi hatukufundishwa hata majina yao. Mungu awalipe.